Methodi ya mistari 340: niikate humohumo au niihamishie klasi mpya?

tumbo_la_kodi: Wakuu, habari za jioni. Nina methodi (kipande cha kodi ya programu kinachoitwa kwa jina) ya mistari 340 inayopokea taarifa za malipo ya simu. Inahakiki ombi, inatafuta akaunti ya mteja, inakokotoa makato, inaandika kwenye databesi, kisha inatuma SMS. Kila anayeigusa anaharibu kitu. Nikate methodi ndogondogo za `private` humohumo, au niihamishie yote kwenye klasi yake, yaani fungu la methodi na data zake? Naanza Jumatatu.

nyuki87: Lugha gani mkuu? Testi zipo? Vigeu (majina yanayobeba thamani) vingapi vimetangazwa juu na vinatumika mpaka chini? Bila hayo tutakujibu kwa kubahatisha.

tumbo_la_kodi: Samahani wakuu. Java 17, Spring Boot (mfumo wa kuundia programu za Java). Testi hakuna. Vigeu 11.

nyuki87: Basi Jumatatu usikate chochote. Chukua maombi kama 30 kwenye logi, yawemo yaliyofeli na yaliyoingia mara mbili, ondoa namba za simu, yapitishe kwenye methodi ilivyo sasa, uhifadhi majibu pamoja na safu zilizoandikwa kwenye databesi. Hicho ndicho kipimo chako, hata kama jibu fulani lina kosa. Kosa la zamani lina komiti yake (badiliko linalohifadhiwa peke yake kwenye historia ya kodi). Kama kuna `LocalDateTime.now()` (saa ya sasa hivi) humo, ingiza `Clock` (saa unayoweza kuisimamisha kwenye testi) kwanza, la sivyo majibu hayatalingana kamwe.

Bi_Kompaila: Vigeu 11 vinataka klasi. Ukikata humohumo utapata methodi ya parameta saba, mbili zikiwa `BigDecimal` (aina ya namba za desimali), na mtu akizipishanisha kompaila hainung'uniki. Ila klasi hiyo usiifanye bini ya Spring (kitu ambacho Spring yenyewe hukiunda na kukitunza). Bini kwa kawaida ni moja kwa programu nzima, kwa hiyo fildi zake (vigeu vinavyokaa ndani ya klasi) zitashikwa na maombi mawili kwa wakati mmoja, na makato ya mteja huyu yataangukia kwa yule. Iunde kwa `new` kila ombi linapoingia.

kipande_kidogo: Dada, hapo napinga. Klasi ya fildi 11 inaficha nani kabadilisha nini. Kwanza sogeza kila kigeu mpaka karibu na mstari unaokitumia mara ya kwanza. Vingi vitajifia ndani ya kipande kimoja. Halafu chagua mistari, bonyeza Ctrl+Alt+M kwenye IntelliJ, yenyewe itaikata iwe methodi. Kipande kikirudisha vitu viwili, tengeneza `record` (klasi fupi ya kubeba data isiyobadilika). Kila kipande komiti yake, testi zikiendeshwa katikati.

mlinda_logi: Njia zote mbili zina shimo moja ambalo hamjalitaja. Tuseme unakata kipande kinachoandika kumbukumbu ya ombi, unakiwekea `@Transactional` yenye `REQUIRES_NEW` (alama ya kukipa muamala wake mpya wa databesi) ili kumbukumbu ibaki hata malipo yakifeli. Kodi inapendeza, inapita. Lakini methodi ikiitwa na mwenzake wa klasi hiyohiyo haipiti kwenye proksi ya Spring (kinachosimama mbele ya bini na kuanzisha muamala), kwa hiyo alama ile haifanyi kazi. Malipo yakitupa eksepsheni (kosa) na muamala ukarudishwa nyuma, kumbukumbu inafutwa pamoja nayo, na hakuna onyo popote. Mnagundua mteja anapolalamika na logi haina kitu. Dawa: kihamishie kwenye bini nyingine, au fungua muamala mwenyewe kwa `TransactionTemplate`. Na SMS isitumwe kabla ya komiti ya databesi, yaani kabla databesi haijathibitisha kilichoandikwa. Itoe kwa `@TransactionalEventListener`, ambayo yenyewe husubiri komiti ipite.

nyuki87: Hili la proksi libandikwe ukutani.

rubi_mwekundu: Mistari mwisho iwe mingapi? RuboCop (kikaguzi cha kodi ya Ruby) kikomo chake cha awali ni 10, nami naona inatosha.

kipande_kidogo: Kumi kwa Java ni mateso. Checkstyle, kikaguzi cha Java, kikomo chake cha awali ni 150. Usihesabu mistari, hesabu `if` zilizobebana. SonarQube, kikaguzi kingine, hulalamika alama ya ugumu ikipita 15, na hapo ndipo msomaji anapotea kweli.

Bi_Kompaila: Jina ni muhimu kuliko idadi. `hakikiSahihi`, `kokotoaMakato`. Ukikosa jina la kitenzi kimoja, umekata mahali pabaya.

rubi_mwekundu: Majina ya Kiswahili? Akija mtu wa nje?

Bi_Kompaila: Timu inafikiri kwa Kiswahili, na "makato" kila mtu hapa anajua ni nini. Tafsiri yake kila mmoja ataandika yake.

mlinda_logi: Sawa, ila kwenye data inayokwenda JSON bakiza `get` mwanzoni mwa jina la methodi. Ukiandika `pataSalio`, Jackson (inayogeuza data ya Java kuwa JSON) kwa mipangilio ya kawaida haitaiona, na salio halitatokea kwenye jibu.

tumbo_la_kodi: Nimesogeza vigeu, vimebaki 6 vinavyopita. Vinne ni vya makato. Hivyo vinne viwe `record`, au ndiyo klasi ya dada?

kipande_kidogo: Record.

Bi_Kompaila: Vinabadilika katikati ya hesabu au havibadiliki? Weka kodi tuione.