Diwani akishapokea kero ya mtaa, anaipeleka wapi?

Mama wa Bondeni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, katika mtaa ambao nyumba zake zimejengwa kufuata mteremko hadi bondeni. Kalavati lililo chini ya barabara yetu ya vumbi limeziba kwa mchanga na chupa za plastiki, na kila masika maji yakikosa pa kupita huingia katika nyumba za upande wa chini, jikoni na vyumbani, hata watu hulazimika kupandisha magodoro juu ya meza. Tumempigia simu diwani wetu mara nyingi. Hupokea, hutusikiliza kwa heshima na kutuahidi kwamba analifuatilia. Sina nia ya kumsema vibaya, kwani ni mtu anayefika misibani kwetu na kuwafahamu wazee kwa majina. Ninachotaka kuelewa ni kwamba diwani akishapokea kero kama hii anapaswa kuipeleka wapi, nasi wananchi tutajuaje kama imefika huko?

Mtendaji Mstaafu anajibu:

Dada yangu, poleni sana kwa adha hiyo. Kumpigia diwani simu ni jambo jema, lakini simu haiachi kumbukumbu yoyote ofisini, na serikali za mitaa huendeshwa kwa vikao na maandishi. Njia yenye nguvu huanzia katika mkutano mkuu wa mtaa, ambako kero hujadiliwa mbele ya wakazi, ikawa azimio, na mtendaji wa mtaa akaliandika katika muhtasari. Kutoka hapo azimio huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake kwa mujibu wa sheria ni diwani mwenyewe na katibu wake ni mtendaji wa kata. Wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe humo, kwa hiyo mwenyekiti wenu atalazimika kuitetea hoja yenu mbele ya wenzake, ambao nao wana mitaro, zahanati na madarasa ya kuombea. Ikipita, ndipo diwani anaposimama nayo katika baraza la madiwani, ambalo mikutano yake ya kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Naomba mzingatie sana namna ya kuandika. Nimesoma mihtasari mingi inayosema tu kwamba "wananchi walilalamikia mtaro", na hakuna ofisa anayeweza kuifanyia kazi sentensi kama hiyo. Iandikwe hivi: "Mkutano umeazimia kuomba kalavati la barabara fulani, mbele ya shule fulani, lizibuliwe kabla ya mvua za masika, na mheshimiwa diwani alete mrejesho katika mkutano ujao." Hapo panajulikana mahali, kazi, wakati na mtu wa kuleta majibu. Kisha ombeni nakala yenye muhuri na mwitunze.

Diwani Aliyemaliza Muda anajibu:

Nakubaliana na mzee wangu, na ningependa kuongeza yale ninayoyafahamu kutoka upande wa pili wa meza. Wananchi wengi hudhani kwamba diwani ana fungu la fedha mkononi. Tangu mwaka 2017 barabara za aina hiyo zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo si idara ya halmashauri. Diwani hawezi kuiamuru. Anaomba, anauliza maswali barazani, na anamfuata meneja wa wilaya ofisini kwake. Nilipokuwa diwani, jambo lililosaidia kuliko barua zote lilikuwa kumpeleka mhandisi eneo lenyewe mvua ikiwa bado inanyesha, wakazi wakamwonyesha maji yanapoacha mfereji na kukatiza uani kwa watu.

Kuzibua ni kazi ndogo. Kujenga kalavati kubwa zaidi ni kazi ya bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1 ilhali mapendekezo yake huandaliwa miezi mingi kabla. Azimio la mwezi Aprili, maji yakiwa yameshaingia ndani, huwa limechelewa kwa mradi wa namna hiyo. La Septemba au Oktoba lina nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo, hayo yote hayamwondolei diwani wajibu wa kurudi kwa wananchi. Jibu likiwa ni kwamba fedha hazikupatikana, mkazi anastahili kulisikia hadharani kutoka kinywani mwa diwani wake, na apewe nafasi ya kuuliza swali la pili. Diwani anayeukwepa mkutano kwa sababu hana habari njema anaivunja imani ya watu, na imani hiyo hujengwa upya kwa shida sana.

Mpangaji anajibu:

Waheshimiwa, mmeeleza vizuri, lakini kwetu mkutano huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, kwa tangazo lililobandikwa jana yake. Wanaofika ni wenye nyumba na wastaafu. Sisi wapangaji, ambao ndio tunaoishi katika vyumba vya chini vinavyojaa maji, huambiwa kwamba mambo ya mtaa hayatuhusu. Azimio la mkutano kama huo litatusemea vipi?

Mtendaji Mstaafu anajibu:

Kijana wangu, aliyekuambia hivyo amekupotosha. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hakuna anayeulizwa hati ya nyumba ili aingie. Kuhusu muda, mwandikieni mwenyekiti barua iliyosainiwa na wakazi, mkiomba mkutano uwe Jumapili alasiri na tangazo litolewe mapema, msikitini na kanisani pia. Ulizeni vilevile kama yuko diwani wa viti maalumu anayeishi katika kata yenu, kwa kuwa naye ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na anaweza kuibeba hoja hiyo. Mwisho, mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Ulizeni tarehe katika ofisi ya kata, kisha wachache wenu mwende mkasikilize siku hoja yenu itakapowasilishwa.