Tupeane uzoefu: kuzaa mtaa mpya bila kuudhoofisha usharika mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wanaojua kazi ya kufungua mitaa, vigango na matawi (makanisa madogo yanayozaliwa na usharika au parokia) wamwage vitu vya kushikika hapa: watu wangapi, pesa kiasi gani, panaharibikia wapi.

Mwinjilisti: Kwa sisi KKKT (Walutheri wa Tanzania), mtaa huzaliwa na jumuiya mbili tatu za upande mmoja zilizokwisha kuzoea kukutana majumbani kila wiki. Jumuiya ikipita kaya 15 sebule inajaa na wanaoongea ni walewale. Igaweni, na kiongozi wa ile mpya awe amekaa msaidizi mwaka mzima. Umbali pimeni kwa miguu ya mama mwenye mtoto mgongoni, tena wakati wa masika, si kwa bodaboda. Zindueni baada ya mavuno. Ukianza msimu wa palizi utahubiria mabenchi.

Mtunza hazina: Ugomvi ni bahasha za sadaka! Watu wanasali mtaani, ahadi zao bado zimo kwenye daftari la usharika. Hamisheni majina siku ileile ya uzinduzi. Halafu pigeni hesabu: kaya 40, kila moja shilingi 1,000 kwa Jumapili, ni 40,000, wiki nne 160,000. Toa mgawo wa usharika, toa posho ya mwinjilisti, ya mabati haipo. Kwa hiyo sadaka ya Jumapili iendeshe ibada, na ujenzi uwe na mfuko wake: ahadi za matofali, mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Usharika mama ukibeba posho, andikeni kwenye muhtasari wa baraza: mwaka wa kwanza yote, wa pili nusu, wa tatu basi. Isipoandikwa, mtoto haachi kunyonya.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA (umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Wanaotanguliza jengo hupata kigango kinachojaa Krismasi na Pasaka tu. Padre hafiki kila Jumapili, hivyo andaeni angalau wawili wa kuongoza ibada ya Neno. Mmoja akiugua, mlango unafungwa.

Mzee wa kanisa (Pentekoste): Kiwanja kiwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini). Kikiwa kwa jina la mchungaji, siku akifariki warithi wanakuja na barua ya mirathi. Kabla ya kulipa, ulizeni mipango miji kama matumizi yake ni ya dini. La sivyo kibali cha ujenzi kitasumbua. Na spika zielekee ndani, NEMC (baraza la mazingira) wana viwango vya kelele.

Mwalimu wa kwaya: Jamani, msihamishe kwaya nzima. Waimbaji 8 wanatosha, wawili kila sauti, na mmoja wao awe anasoma nota.