Tumelipa ada kamili ya udereva, mwalimu amekuja kijijini kula sato na kupunga upepo wa ziwa

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe limewakera watu wengi na kila tulipolisemea kwa simu tuliambiwa tuwe wapole.

Sisi ni kikundi cha vijana wa kijiji kimoja kilichopo kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Wengi wetu ni wavuvi wa dagaa, wengine ni waendesha bodaboda, na wamo pia kina dada wanaonunua dagaa wakavu na kuwapeleka kuuza mjini. Kupitia chama chetu cha kuweka na kukopa tulikubaliana kulipia mafunzo ya udereva, na kwa kuwa kumpeleka kila mmoja Mwanza akapange chumba huko ingekuwa gharama isiyobebeka, tulizungumza na shule moja ya udereva ya mjini itupatie mwalimu na gari waje kwetu. Shule ilikubali kwa masharti yake: tulipe ada ileile ya mjini, tuongeze fedha ya mafuta, na mwalimu tumpatie malazi na chakula. Tulilipa vyote kabla hajakanyaga kijijini, na risiti tunazo.

Kuna jambo ambalo mtu asiyeishi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, anaweza asilione uzito wake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mwanga wa taa hauwavuti tena, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa nchi kavu, nyavu zikashonwa, na wavuvi wakapumzika hadi giza lirudi. Ratiba yote ya mafunzo tuliipanga ndani ya siku hizo za mapumziko, tukaandika katika makubaliano kwamba mwalimu atakuwa uwanjani saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu alilijua hilo na shule ililijua. Siku aliyoichezea yeye sisi hatuna namna ya kuirudisha, maana giza likiingia mvuvi anakesha ziwani, na mtu aliyekesha akivuta nyavu hafai kukabidhiwa usukani asubuhi yake.

Kwetu ni pazuri, hilo sikatai. Kuna mawe makubwa yaliyopandana hadi ndani ya maji, kuna mchanga msafi, na jioni upepo unaotoka ziwani humfanya mgeni asitake kuingia ndani. Lakini hatukumwita mtalii, tulimwita mwalimu. Saa moja na nusu sisi tupo uwanjani, yeye tunamwona kwa mbali juu ya mawe akijipiga picha, na akishuka swali lake la kwanza ni kama sato wa kuchoma ameshapatikana. Somo lilianza saa nne; saa sita likasimama kwa sababu ya jua; saa kumi, wakati ambao hali ya hewa inaruhusu kabisa kuendelea, aliomba kijana mmoja amtembeze kwa mtumbwi. Ijumaa mchana aliondoka. Aliporudi wiki iliyofuata alikuja na mke, watoto na shemeji yake ndani ya gari la mafunzo, likiwa na alama ya L mbele na nyuma na mafuta tuliyoyalipia sisi, na mwanafunzi aliyekuwa na zamu siku hiyo akaambiwa asubiri kwanza wageni wapelekwe ufukweni.

Tulipomuuliza kuhusu kuchelewa alitaja usumbufu wa kuvuka. Kuvuka wapi? Zamani mtu alikuwa na haki ya kulalamikia foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na sisi wa upande huu tumeteseka nayo kuliko yeye. Daraja limefunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa takribani kilomita 3, na gari linapita juu ya maji kwa dakika chache bila kusubiri chochote. Kama mtu anatafuta kisingizio, atafute ambacho bado kipo.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe, kwa sababu huenda tungemsamehe uvivu kama saa chache alizofundisha zingekuwa na kitu. Tulifundishwa kuwasha gari, kuingiza gia ya kwanza na ya pili, na kuzunguka uwanja wa mpira. Basi. Kuondoa gari kwenye mlima bila kulirudisha nyuma hakugusia, ingawa barabara ya kutoka mwaloni kwenda shuleni ni mlima mtupu. Kurudi nyuma kati ya vijiti hatukufanya. Kukagua maji, oili na tairi kabla ya safari hatukufundishwa, na boneti hatukuwahi kuona ikifunguliwa. Nadhani ni kwa sababu angefungua macho yetu tukaiangalia na tairi ya mbele kushoto, ambayo imeisha hadi nyuzi zinaonekana. Upande wa mwalimu hakuna breki ya ziada, kwa hiyo mwanafunzi akikosea, kinga iliyopo ni mwalimu kupiga kelele. Kipilefti alikichora mchangani kwa kijiti, akasema anayetoka kulia kwako ndiye wa kumpisha, akakifuta kwa kiatu na somo likaisha. Taa za kuongozea magari alisema tutaziona tukifika mjini. Barabara ya lami ya kutoka Usagara kwenda Sengerema hadi Geita, yenye malori na mabasi ambayo ndiyo tutakayokutana nayo kila siku, hakutupeleka hata kwa kuichungulia.

Huku mwaloni nako hakukuwa salama. Alimwacha mwanafunzi ajaribu kugeuza gari karibu na vichanja vya dagaa huku yeye akiwa amesimama kivulini na simu, tairi za nyuma zikapanda kichanja cha mama mmoja na dagaa wake wote wakaishia kwenye vumbi. Hasara ile aliilipa mwanafunzi. Mwalimu alisema, namnukuu, "Dereva ndiye mwenye kosa." Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia na asimamiwe na mtu mwenye leseni, mtu aliye kivulini na simu anasimamia nini? Jioni yake aliliingiza gari hadi maji yakafika nusu ya tairi, akaliosha kwa sabuni palepale wanapochota maji kina mama, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mvuvi akikutwa na kosa ndani ya eneo hilo anasumbuliwa vizuri sana.

Kuna lililo baya zaidi. Mtoto wa tajiri mmoja mwenye mitumbwi, ambaye bado yupo sekondari na hajafikisha miaka 18, alipewa gari aendeshe kijijini kwa zamu ambazo zilikuwa zetu, na siku mwalimu anaondoka sote tuliona sangara wakipakiwa kwenye buti.

Tulipopiga simu shuleni, mhusika alitujibu kwamba gari tumeliona linatembea, kwa hiyo tulitaka nini tena. Kisha akatuambia tuongeze fedha kidogo kila mmoja ili "tusaidiwe" siku ya mtihani wa polisi, na vyeti vitatoka bila usumbufu. Hapo ndipo uvumilivu wetu ulipoisha. Hatukujinyima faida ya msimu mzima ili tununue karatasi. Kina dada wale wanataka kubeba mizigo yao wenyewe badala ya kulipia nafasi kwenye gari za watu, na mtu asiyejua kupanda mlima akiwa na mzigo ataua watu, awe na cheti au asiwe nacho.

Madai yetu tumeyaandika na nakala imepelekwa kwao: walete mwalimu mwingine na gari lenye tairi nzima na breki ya ziada, mbalamwezi ijayo, amalizie masomo yote yaliyorukwa, yakiwemo ya barabara ya lami na ya mjini Mwanza, au warudishe ada pamoja na fedha ya mafuta. Fedha ya kichanja cha dagaa wailipe kwa vyovyote. Hadi leo hawajajibu, na simu ya mwalimu ikipokelewa anapokea mtoto.

Ninaloomba kwenu ni msaada wa wenye uzoefu. Je, malalamiko dhidi ya shule ya udereva yanaanzia kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya iliyopo shule, au wa wilaya yalipofanyikia mafunzo? Na kwa waliowahi kudai ada irudishwe, mliandika barua wenyewe au mlipitia kwa wakili? Tunahitaji majibu kabla giza halijaingia, kwa sababu baada ya hapo wadai wote tutakuwa ziwani.