Florida: kampuni ya bima imekataa kuhuisha mkataba wa nyumba yangu, nielekee wapi?

Mkazi wa Tampa anauliza:

Ndugu zangu, ninaishi Tampa, jimbo la Florida, katika nyumba ambayo bado ninailipia mkopo wa benki. Kampuni iliyokuwa ikinikatia bima imeniandikia kwamba haitahuisha mkataba utakapokwisha, na sababu iliyotajwa ni umri wa paa, ambalo limepita miaka 15 ingawa halivuji popote. Wakala ameniletea njia mbili. Ya kwanza ni Citizens, shirika la bima lililoanzishwa na jimbo lenyewe; ya pili ni kampuni binafsi changa, ambayo ada yake imezidi ya Citizens kidogo tu, na mkataba wake unasema kwamba kimbunga kikipiga, asilimia 5 ya kwanza nitaibeba mwenyewe.

Naomba kuelewa mambo matatu. Je, ninaweza kuchagua Citizens kwa sababu tu ni nafuu? Hiyo asilimia 5 ni ya kitu gani hasa? Na kwa nini ada inapanda kila mwaka hata kwa sisi ambao hatujawahi kudai fidia yoyote?

Wakala Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu, kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili, shughulikia paa kwanza, kwa maana huenda bado una njia ya tatu. Sheria iliyopitishwa Florida mwaka 2022 inakataza kampuni kuikataa nyumba kwa sababu ya umri wa paa peke yake iwapo paa halijafikisha miaka 15. Na likishafikisha, mwenye nyumba ana haki ya kuleta mkaguzi anayetambulika, na mkaguzi akithibitisha kwamba paa lina angalau miaka 5 ya uhai uliobaki, umri hauwezi tena kuwa sababu pekee ya kumkataa. Wengi hupokea barua kama yako wakaanza kutafuta kampuni nyingine siku hiyo hiyo, bila kumwita mkaguzi. Jimbo pia linataka kampuni itoe taarifa ya kutohuisha siku 120 kabla, kwa hiyo muda wa kufanya ukaguzi kwa kawaida upo.

Kuhusu Citizens, jibu ni kwamba uchaguzi huenda usiwe wako. Shirika hilo liliundwa mwaka 2002 liwe kimbilio la mwisho la wale waliokosa pa kwenda, si mshindani wa soko. Kwa sababu hiyo, kampuni binafsi yenye kibali ikikupa kinga inayolingana na ya Citizens kwa ada isiyozidi ile ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, unapoteza sifa ya kuingia Citizens, na hata ukiwa tayari ndani unaweza kuhamishwa wakati wa kuhuisha. Umesema tofauti ya ada ni ndogo. Piga hesabu ya asilimia kabla ya kujenga matumaini.

Isitoshe, unafuu wa Citizens una sharti lake. Vimbunga vikimaliza akiba yake, sheria inairuhusu kuwatoza wateja wake nyongeza ya hadi asilimia 15 ya ada, na upungufu ukizidi hapo, mzigo unawafikia hata wenye bima za kampuni nyingine jimboni.

Mhasibu wa Miami anajibu:

Naomba nichukue maswali mawili yaliyobaki, maana hapo ndipo watu wanaposoma mikataba kwa haraka.

Asilimia 5 haihesabiwi kutoka kwenye hasara. Inahesabiwa kutoka kwenye thamani ya jengo iliyoandikwa katika mkataba. Nyumba ikiwa imekatiwa bima ya dola 400,000, utabeba dola 20,000 za kwanza. Kimbunga kikiharibu paa na uzio kwa gharama ya dola 18,000, kampuni haitakulipa hata senti moja. Sheria ya Florida inawataka watoa bima wakupe nafasi ya kuchagua kati ya dola 500, asilimia 2, asilimia 5 na asilimia 10, ingawa kwa nyumba za thamani kubwa kile kiwango cha dola 500 si lazima kitolewe. Maoni yangu ni kwamba asiye na akiba ya kutosha achague asilimia 2 na avumilie ada kubwa zaidi. La kutia moyo ni kwamba kiwango unachobeba mwenyewe huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, si kwa kila kimbunga, mradi kampuni ni ile ile.

Ama kupanda kwa ada, historia yako ya madai ina uzito mdogo kuliko unavyodhani. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kilifilisi kampuni kadhaa za bima Florida, na kampuni kubwa za kitaifa zikaanza kupunguza nyumba wanazokinga jimboni. Pengo likajazwa na kampuni ndogo za ndani ambazo mtaji wao hauwezi kubeba kimbunga kimoja kikubwa, kwa hiyo nazo hununua bima mtawanyo, yaani bima ya kuzikinga kampuni za bima zenyewe, kutoka soko la dunia, na gharama yake huingia moja kwa moja katika ada yako. Soko hilo likipata hasara kwingineko duniani, wewe wa Tampa unaisikia. Ongeza gharama za ujenzi na wingi wa kesi mahakamani, ambao wabunge walijaribu kuupunguza mnamo Desemba 2022 walipofuta kanuni iliyoilazimu kampuni iliyoshindwa katika kesi kulipa mawakili wa mteja.

Fundi wa Mapaa anajibu:

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu wote wamezungumzia upepo, ilhali hapo Tampa adui mkubwa ni maji. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilipita mbali baharini, lakini maji kiliyoyasukuma yaliingia katika nyumba nyingi za ukingo wa ghuba ya Tampa. Mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, ulioanzishwa mwaka 1968, hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vilivyomo. Citizens nayo imeanza kuwadai wateja wake wenye kinga ya upepo wawe na bima ya mafuriko, kwa awamu kulingana na thamani ya nyumba, kwa hiyo ulinganifu wako wa bei haujakamilika bila kuongeza gharama hiyo.

Ukifanya ukaguzi wa paa, omba pia ukaguzi wa uimara dhidi ya upepo. Namna paa lilivyofungwa kwenye kuta, umbo lake, na kinga ya madirisha hupunguza ada kwa mujibu wa sheria. Mpango wa jimbo uitwao My Safe Florida Home hutoa ukaguzi huo bure, na wanaostahili hupata ruzuku ya kuimarisha nyumba, ingawa fedha zake huisha mapema.

Mkazi wa Tampa:

Nawashukuru sana. Nimekwisha kumwita mkaguzi. Swali la mwisho: hiyo kampuni changa ikifilisika, nitabaki na nini?

Wakala Mstaafu:

Ikiwa ina kibali cha jimbo, mfuko wa dhamana wa Florida huchukua madai yake, hadi dola 300,000 na nyongeza ya 200,000 kwa jengo na vilivyomo, ingawa malipo yanaweza kuchelewa. Kampuni zinazouza nje ya mfumo wa kibali hazikingwi na mfuko huo, kwa hiyo muulize wakala wako swali hilo kwa maandishi. Bima ya mafuriko usiicheleweshe: kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, na msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni. Kwa bima ya upepo, tahadhari ya kimbunga ikishatolewa, kampuni husimamisha mikataba mipya hadi kipite.