Mama anabania pampu ya mapafu ili isiishe haraka, nimfanyeje?

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mama yangu ana miaka 63, yuko Morogoro. Amekaanga maandazi kwa kuni tangu sijazaliwa, sigara hajawahi kushika. Mwaka jana akaambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, akaandikiwa pampu mbili: ya bluu ya kupuliza akibanwa, na nyingine ya kila siku, mbili asubuhi mbili jioni. Hiyo ya pili ndiyo inayotutoa jasho. Ina dozi 120, yaani mwezi tu, na bima hatuna.

Jumapili nilienda kumsalimia, nikachungulia kile kidirisha cha namba: 77. Na niliinunua wiki 6 zilizopita! Namuuliza, ananijibu, "Mwanangu, nikiwa mzima nipulize ya nini? Si kuchoma hela zako?" Usiku namsikia kifua kinapiga filimbi. Nisemeje naye bila kumgombeza?

Mzee wa Dili: Mafuta ya kondoo na tangawizi, wiki moja tu.

Dada wa Dirishani: Mkuu hapo juu, tangawizi weka kwenye chai. Mleta uzi, niko duka la dawa, wagonjwa kama mama yako nawaona kila mwisho wa mwezi: wanachukua ya bluu peke yake kwa kuwa ni nafuu. Ile inafungua kifua saa chache, basi. Ya kila siku ndiyo inayozuia kubanwa, na haitaki kudokolewa. Mrudishe kwa daktari mseme wazi kuwa hela ndiyo shida. Wengi wanaficha, daktari anadhani dawa imeshindwa, anaongeza nyingine! Ulizeni kama ipo ya kampuni nyingine yenye dawa ileile. Na asijinunulie vidonge vya prednisoloni kila akibanwa, vitampandishia sukari na kumla mifupa.

Babu Kihonda: Miaka 60 na kuendelea, asiye na uwezo ana msamaha hospitali za serikali. Muone ustawi wa jamii palepale hospitalini. Ila dawa isipokuwepo mtatumwa kununua nje, yamenikuta.

Pumu Toka Utoto: Kama hiyo pampu ni ya kupuliza, siyo ya unga, toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu libane mdomo wa pampu, avute kupitia mdomo wa chupa. Bila hivyo dawa nyingi inaishia kooni. Akimaliza asukutue.

Mleta uzi: Asanteni. Nimempigia, kakubali kliniki Alhamisi. Kauliza nauli ya bodaboda analipa nani.