Wakuu, naombeni msaada wa hili neno "get"

Binti_Buguruni: Habari zenu wakuu. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar. Kiingereza cha shule ninacho, ila "get" linanitesa. Mgeni akisema "get me a taxi" anataka nimwitie teksi. Mwingine "I didn't get you", hajanielewa. Wengine wawili wanagombania bili, kila mmoja "I'll get this", kumbe kila mmoja anataka alipe yeye. Kwenye kamusi nikifika katikati ya orodha nimeshasahau ya juu. Nataka kulielewa kabisa, sio kukariri. Mnaolijua mlianzia wapi?

Ticha_Temeke: Dada, kamusi iweke pembeni kwanza, angalia kinachofuata. Kikifuata kitu, ni kupata, kuleta au kununua. Ikifuata sehemu, ni kufika: "get to Posta". Ikifuata hali, ni kuingia kwenye hali hiyo, na hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Sisi kitenzi kimoja kinamaliza kazi: kuchoka, kulowa, kukasirika, kupona. Mwingereza anasema "get tired", "get wet", "get angry", "get better". Usitafute "kupata" hapo. "I'm getting hungry" maana yake njaa inaanza kumuuma. Halafu kuna "get paid", "get robbed": kulipwa, kuibiwa. Ile -wa yetu ya mwisho ndiyo "get" yao.

Mzee_wa_Kimara: Nyongeza ya usafiri, maana wageni watakuuliza. Basi, treni na mwendokasi ni "get on" na "get off". Teksi na bajaji ni "get in" na "get out".

BiMkubwa_Magomeni: Mwanangu, mbona "piga" hukuikariri? Piga simu, piga pasi, piga deki, piga kura, piga hodi. Uliyasikia yakiwa mawili mawili, yakakaa. Na hilo usiliandike peke yake kwenye daftari. Andika sentensi nzima kama mgeni alivyoitamka.

Kalamu_Nyekundu: Mimi nashauri ulipunguze. Kwenye barua rasmi "we received your booking" inapendeza kuliko "we got".

Ticha_Temeke: Kwenye barua sawa mkuu, nakuunga mkono. Ila yeye yuko kaunta, anaongea na watu ana kwa ana. Asipolizoea atakuwa anaongea kama waraka wa serikali. Dada, ukimsikia Mmarekani anasema "gotten" usishtuke, ni lilelile. Waingereza wengi wanasema "got".

Binti_Buguruni: Asanteni sana, ya kuchoka na kulowa imenifungua macho. Shikamoo BiMkubwa, daftari naanza leo. Moja bado: mgeni akisema "I'll get back to you", nimsubiri pale kaunta?

BiMkubwa_Magomeni: Marahaba. Hapana mwanangu, atakujibu baadaye, hata kwa simu. Endelea na wageni wengine.