BMW X1 ya 2012 kwa mtu wa Tukuyu: nichukue au nitajuta?

Parachichi_Rungwe
Wakuu habari za baridi. Niko Tukuyu, nafanya parachichi, kwa wiki napanda Mbeya mjini mara tatu nne na kila baada ya miezi miwili hivi nashuka Dar. Noah yangu imechoka nataka ibaki ya shamba. Bajeti milioni 32 mpaka kadi iko mkononi. Nimeona BMW X1 ya 2012, sDrive20i, kilometa 78,000, nyeupe, ndani utadhani haijawahi kukaliwa. Ukiingia Toyota ya daraja hilo kwa hela hiyo unarudi miaka ya nyuma kabisa. Mwenye nayo huku nyanda za juu aseme ukweli: wese, spea, mafundi, barabara. Wa Dar naomba mkae pembeni kidogo, nyie kila kitu kipo Gerezani.

Tako la Nyani
Mkuu hiyo ni gari ya kwendea saluni. Chukua Harrier ulale usingizi. Harrier hata izime Igurusi saa nane usiku kuna kijana atatoka gizani na spana namba kumi ataiwasha. X1 ikizima unampigia simu mtu mwenye kompyuta, naye yuko msibani. Nimemaliza.

Dada wa Forest
Ya saluni? Haya. Mimi ninayo mwaka wa tatu huu, imeshafika Chunya, Kyela, Dar sihesabu tena, na saluni nakwenda kwa bajaji kwa sababu Mwanjelwa hakuna pa kupaki.

Kaka Parachichi, yangu ni 18i ya 2011. Safari ndefu inanipa kilometa 11 hadi 12 kwa lita, mjini na hili vumbi la ujenzi wa njia nne Nsalaga mpaka Ifisi nikipata 8 nashukuru. Sevisi nafanya kila kilometa 7,000, oili sintetiki yenyewe kabisa sio ya kupimiwa kwenye pipa. Spea naagiza Dar asubuhi, inapandishwa basi, kesho yake naipokea stendi. Kwa hiyo sio kwamba spea hakuna, spea zipo ila kila kitu kina siku moja ya kusubiri na nauli yake, na ukikosea namba ya kifaa unaanza upya. Betri nayo usinunue tu ukafunga, inatakiwa isajiliwe kwa kompyuta ili gari ijue imewekewa mpya.

Kilichoniliza mimi ni tairi. Hizi gari nyingi zinakuja na runiflati, tairi za kutembea hata upepo ukiisha, na hazina tairi ya akiba, ukiinua kapeti ya buti unakuta sehemu ya kuwekea vikorokoro. Saa moja jioni nimepita Chimala nikaingia shimo, ubavu wa tairi ukachanika kidole kinaingia. Runiflati ikiisha upepo tu inatembea kama kilometa 80 kwa spidi isiyozidi 80, lakini ikichanika ubavuni hata hizo hupati. Nikarudi Chimala kwenye gari ya mpunga, nikalala gesti na viatu. Tairi imekuja kwa basi siku ya pili, laki nne na nusu moja, na ikabidi ninunue mbili zifanane. Sasa hivi nimefunga za kawaida zote nne, ya akiba nimeilaza kwenye buti, mizigo inakaa siti ya nyuma kama abiria.

Fundi wa Sae
Msichanganye injini jamani. Dada ana 18i, injini yake ni N46, haina turbo ya kusukumia hewa ndani. Ya Parachichi ni 20i ya 2012, hiyo ni N20, turbo. Ni X1 zote ila ni mtu na jirani yake.

N20 za miaka hiyo gaidi za cheni ya taiming, yaani vile vibao vinavyoiongoza cheni, ni plastiki, zinachoka, zinakatika, vipande vinashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vinakwenda kuziba njia ya oili. Ikifika hapo haukarabati, unatafuta injini. Walikuja kuzibadilisha za kuanzia 2015 hivi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, isikilize asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, simama mbele, mtu akanyage resi polepole. Ukisikia mluzi unapanda na resi, rudi nyumbani kanywe chai. Halafu filta ya oili ifunguliwe mbele yako, uangalie kama kuna chembe za plastiki.

Uzuri wake nao niseme, huku tuko mita 1,700, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake bila wewe kujua. Turbo inafidia. Ukipanda Isongole na crate za parachichi utaona tofauti.

Nauliza Tu
Hivi ushuru mmemwambia? Nasikia gari zaidi ya miaka minane uchakavu ni asilimia 30

Kamwene Mafinga
Kamweneee. Nauliza Tu, miaka 8 mpaka 10 ni 15, ikipita 10 ndio 30. Juu yake forodha 25, VAT 18, na eksaizi 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, ikizidi hapo inakuwa 10. N20 ni cc 1,997, imepona chupuchupu. Na TRA wana thamani yao kwenye mfumo, risiti yako ya Japani wanaiangalia kwa huruma tu. Ila kama gari ina namba ya Bongo tayari hayo hayamhusu.

Langu ni moja. Watu wa Mbeya nawajua, gari mnaishusha Dar kwa frii, gia mmeitoa inateremka yenyewe. Mteremko wa Kitonga wote mmeweka frii mnasema mnabana wese. Gari ya hivyo haiwafai, mtaiua mwezi wa kwanza halafu mseme mjerumani mbaya.

Tako la Nyani
Kamwene usitutukane. Frii ni ya watu wa Mbeya tangu lini? Nyie wa Iringa mnashuka Kitonga taa za breki zinawaka kuanzia juu mpaka Mahenge, nyuma yenu msururu kama mazishi ya mbunge. Mimi naweka frii mwaka wa nane huu, Harrier yangu haijawahi kunigomea, na nimepima kwa mshale, nabana si chini ya lita moja.

Kamwene Mafinga
Si nilisema?

Fundi wa Sae
Tako ndugu yangu, mshale wa wese mteremkoni unadanganya, mafuta yenyewe yamelala upande mmoja wa tenki. Gari ya EFI, yaani mafuta yanapimwa na kompyuta, ukiwa kwenye gia umeachia mguu, kompyuta inakata mafuta kabisa, matairi ndio yanazungusha injini. Ukiweka frii injini haina wa kuizungusha, lazima ijilishe isizime. Kwa hiyo unakunywa wese zaidi na breki unazimaliza. Hasara mara mbili.

Tako la Nyani
Wewe ndio ulisema wiki ile Harrier zote za CVT, zile za giaboksi ya mkanda, zitakufa. Yangu ni tako la nyani, Harrier ya umbo la zamani, haina CVT na bado iko barabarani, sasa nikuamini kwa lipi?

Fundi wa Sae
Nilisema zisipobadilishwa oili ya giaboksi. Soma mpaka mwisho wa sentensi.

Dereva Mstaafu
Wanangu mimi nimeendesha malori njia ya Tanzam miaka ishirini na kitu kuanzia enzi tunalala Mikumi kwa sababu ya simba, sasa nisikilizeni, hakuna kitu kinaitwa frii kwenye mteremko, hakuna, iwe lori iwe hiyo ya saluni mnayobishania. Nimeshuka Kitonga nyuma ya jamaa ana semi ya vitunguu, nikaanza kusikia harufu, kama mtu anachoma kwato, nikamwambia utingo wangu huyo mbele breki zimeshaungua, tukaacha nafasi, kona mbili mbele moshi umetanda matairi yote ya nyuma, yule kijana anakanyaga pedali inakwenda chini laini kama mkate, bahati yake kulikuwa na ukuta wa mlima upande wake akaufuata akaegemea. Vitunguu vilishuka mpaka chini kabisa bila dereva. Nilimuuliza gia ilikuwa ngapi. Akanyamaza. Gia unayopandia mlima ndio hiyo hiyo ya kuushukia. Iwambi pale wangapi tumewazika kwa ajili ya frii?

Nauliza Tu
Sasa gari ya auto mzee gia unachaguaje si inaweka yenyewe

Dada wa Forest
Shikamoo mzee. Nauliza Tu, kwenye X1 mkono wa gia ukiwa D unausukuma kushoto, halafu ukiupeleka mbele inashusha gia, ukiuvuta nyuma inapandisha. Kwenye dashibodi inakuandikia uko namba ngapi. Kitonga mimi nashuka na namba mbili au tatu, breki naigusa kwenye kona tu. Mume wangu aliiendesha mwaka mzima anafikiri ile alama ya kujumlisha na kutoa ni ya sauti ya redio.

Na wewe Tako, mtu anayeshuka mlima kwa frii miaka nane ndiye ananiambia gari yangu ya saluni?

Tako la Nyani
Dada bado lile neno halijakutoka tu. Nilitania. Ila pedi zako za mbele umenunua shilingi ngapi, sema kweli.

Dada wa Forest
Laki na themanini za mbele. Na zimekaa mwaka na nusu. Zako?

Tako la Nyani
Elfu arobaini na tano.

Dada wa Forest
Zimekaa?

Kamwene Mafinga
Kanyamaza kama yule wa vitunguu 😂😂

Mzee wa Kyela
Samahani naingilia. Hakuna aliyemuuliza kijana kwa nini hiyo gari inakuja rahisi. Kule Japani kuna ukaguzi wanaita shaken, gari mpya baada ya miaka mitatu, baadaye kila miaka miwili, na ni hela. Mwenye gari ya Ulaya akipiga hesabu ya ukaguzi pamoja na spea zinazokaribia kuchoka anaona bora aiuze. Kwa hiyo bili hiyo unaipokea wewe Tukuyu. Na siku ukitaka kuiuza, Mbeya hii nani atainunua? Harrier unaiweka kwenye status asubuhi, mchana mtu yupo getini. Nimemwona shemeji yangu na Q3 mwezi wa saba sasa, inapigwa picha tu.

Kamwene Mafinga
Mzee Q3 ni Audi hiyo, tuko kwenye BMW

Mzee wa Kyela
Najua ni ya nani. Mnunuzi ni yule yule, hayupo.

Tako la Nyani
Mzee ndio nilichosema tangu mwanzo mkaniletea habari za milima.

Dereva Mstaafu
Za milima umeleta wewe.

Parachichi_Rungwe
Ndaga fijo wote. Nimeuliza gari nimepewa somo la leseni, ila sijakasirika, Kitonga na mimi huwa naweka frii kidogo pale chini, sirudii.

Jana nilifuata maneno ya Fundi. Nimetoka Tukuyu alfajiri ili niikute ya baridi, saa moja kamili niko kwa muuzaji Soweto. Nikaweka mkono kwenye boneti, ya moto. Nikamuuliza, anasema alikwenda kununua maziwa. Ikawashwa, kimya kabisa, tamu, mimi masikio yangu hayakusikia mluzi wowote. Filta akasema ifunguliwe nikishalipa nusu. Amenipunguzia milioni mbili bila kuomba.

Fundi wa Sae
Maziwa gani ya saa kumi na mbili na baridi hii. Rudi Jumapili bila kumpigia simu, ukiikuta ya moto tena usiulize bei. Mimi nitakuja nawe, nilipie bodaboda tu.

Dada wa Forest
Na kama bado unaipenda X1 tafuta 18i kaka. Isongole itapanda taratibu lakini itapanda. Na fungua buti uangalie tairi.

Parachichi_Rungwe
Jumapili tunakwenda. Haina tairi ya akiba, nilichungulia.

Nauliza Tu
Kwa hiyo kwa mwenye gari ya manuali frii inaruhusiwa?

Dereva Mstaafu
Hapana.